Mboga za Kihamba Kinachopakana na Msitu

Katika miteremko ya Kilimanjaro bustani ya mboga haina eneo lake peke yake. Imo ndani ya kihamba. Kihamba ni ardhi ya ukoo ambamo nyumba, zizi, migomba, kahawa na makaburi ya wazee hukaa pamoja, na mboga hupewa nafasi inayobaki. Magimbi hufuata unyevu wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia. Mnafu humea kwenye mbolea nyuma ya zizi, mara nyingine bila kupandwa. Kabichi, karoti, sukuma wiki na maharage hutaka jua, kwa hiyo hupelekwa penye mwanya, mahali migomba ilipokatwa au mikahawa ilipong'olewa. Mwanya huo mara nyingi huwa ncha ya juu ya kihamba, upande wa msitu, mbali na macho ya watu. Mnyama anayeshuka kutafuta chakula huikuta bustani kabla hajaikuta nyumba.

Kihamba kilichozaa kumbukumbu hizi kiko Uru, juu ya mji wa Moshi, mwendo usiofika nusu saa kwa miguu kutoka ukingo wa msitu. Bustani yake ya juu ilifunguliwa na bibi wa nyumba hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Makubaliano ya kimataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalikuwa yamevunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na kaya nyingi za mlimani zikaanza kutafuta ada ya shule kwenye mboga na maziwa. Mikahawa ya upande wa juu iling'olewa, matuta kumi na mawili yakapandwa karoti, kabichi na viazi mviringo. Karoti za kwanza zilivunwa na nungunungu.

Msitu wenyewe una historia yake na watu. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa kati ya vijiji na msitu ili wananchi wapate majani ya ng'ombe, kuni na miti ya kujengea. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 kwenye sehemu za juu, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa hadi ukameza msitu wote. Akina mama waliokata majani katika ule ukanda kila siku, pamoja na watoto na mbwa waliowafuata, walikuwa ukuta ambao hakuna aliyeuhesabu kuwa ukuta. Wazee wa Uru wakiulizwa kima walianza lini kushuka mpaka zizini huutaja mwaka huo wa 2005. Huenda wanazidisha kidogo, kwa sababu miaka hiyohiyo vijana nao walikuwa wameshahamia Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, na kihamba kilichokuwa na watoto saba kikabaki na bibi mmoja na mjukuu wa kulelewa.

Umbali kutoka msituni una uzito kuliko wakulima wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa miaka ya 1990 kuzunguka Hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda, ulionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya mazao yaliyoliwa na wanyama ilikuwa ndani ya mita 200 tu kutoka ukingo wa msitu. Anayelima mpakani hulipa kwa niaba ya kijiji kizima. Mwenzake aliye chini yake hupata mavuno na kushangaa kelele hizo za nini.

Msimu nao una lake. Wakati wa masika kila kitu ni kibichi na wanyama hawana haja ya kujihatarisha. Kuanzia Julai mpaka vuli inapoanza, bustani inayonyweshwa kwa mfongo huwa ndiyo kijani laini pekee katika eneo kavu. Maji yanayomwezesha bibi kupata mboga za kiangazi ndiyo yanayowaita wageni.

Nungunungu ndiye mwizi wa usiku. Ni mnyama mzito, anaweza kupita kilo 20, na hana haraka. Huishi kwenye mashimo, hutembea njia ileile kila usiku, na pua yake humwonyesha kiazi kilicho chini ya udongo kama vile kimewekwa kwenye sahani. Hula karoti, viazi, magimbi na maboga, na huharibu kuliko anavyokula, kwa kuwa huonja hiki akaacha akaenda kwenye kingine. Imani kwamba hurusha miiba kama mishale si kweli: miiba hubanduka inapogusa, na mbwa mwenye pupa hurudi nyumbani akiwa nayo puani. Udhaifu wake ni miguu mifupi. Hawezi kuruka na hapandi vizuri. Akikuta kizuizi hukifukua chini au hukitafuna kama ni cha mti. Anayemjengea ua anapaswa kufikiri kuhusu udongo kabla ya kufikiri kuhusu urefu.

Kima ni mwizi wa mchana, na akili yake ni shida kubwa kuliko meno yake. Kundi hushuka umande ukikauka, na tena kuelekea saa kumi jioni. Mmoja hukaa juu ya mringaringa akitazama, wengine huingia. Huvunja kabichi, huchukua moyo wake, huuma mara mbili na kutupa. Kima, kama tumbili wa maeneo ya chini, ana mifuko ndani ya mashavu. Huijaza haraka na kukimbia kwenda kutafunia juu ya mti. Hapo ndipo anapotofautiana na mbega, yule mwenye manyoya marefu meusi na meupe, ambaye hana mifuko hiyo na ambaye tumbo lake limeumbwa kwa ajili ya majani ya miti. Mbega hulaumiwa sana kwa sababu anaonekana sana. Katika miaka yote ya bustani ile, mbega walikaa juu ya miti ya jirani wakila majani yao, na kabichi ziliendelea kupotea mikononi mwa kima.

Fuko hahitaji ua wala giza, maana anatokea chini. Mche wa kabichi husimama vizuri asubuhi, mchana umelegea, jioni umezama ardhini nusu. Ukivutwa hutoka bila mzizi. Watu huona vilima vya udongo ishirini na kudhani wamevamiwa na jeshi, kumbe fuko wa mlimani huishi peke yake katika njia zake, na vilima ishirini vinaweza kuwa kazi ya mmoja. Mtego wa asili unatumia tabia yake moja: hapendi hewa wala mwanga viingie njiani mwake. Njia ikifukuliwa, yeye hurudi kuiziba. Wategaji hupinda fimbo mbichi, huifunga kamba yenye kitanzi kinachowekwa ndani ya njia, na uzi mwembamba huzuia mbele. Fuko akija kuziba huukata uzi, fimbo hufyatuka. Bibi wa Uru alikuwa na mtegaji wake, mzee aliyelipwa kwa mkia: kila mkia mmoja, malipo yake. Hiyo ndiyo njia pekee katika kumbukumbu hizi ambayo haikupoteza nguvu kwa miaka ishirini. Kasoro yake ni kwamba njia zikibaki wazi fuko mwingine huzirithi, hivyo lazima zifukuliwe na kushindiliwa baada ya kukamata.

Panya na ndege ni wa kutajwa kwa kifupi. Ndege huumiza zaidi kitalu, na chandarua kilichochakaa kikitandazwa juu ya fito kinatosha. Panya huwindwa na bundi bure kila usiku, lakini bundi mwenyewe hupigwa mawe kwa sababu watu husema analeta msiba.

Chini ya mlima mambo hubadilika sura. Kwenye mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini adui ni kwelea kwelea, ndege wa gramu 20 hivi ambaye hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, na hufika kwa makundi yasiyohesabika. Huko ulinzi ni wa serikali na ndege za kunyunyizia dawa. Rombo ya chini hupokea tembo kutoka upande wa Tsavo, na magharibi mwa mlima tembo hupita kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro kupitia ushoroba wa Kitendeni. Tembo mmoja hula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, na bustani ya mboga kwake ni kituo cha kupumzika tu. Katika eneo la jumuiya ya uhifadhi ya Enduimet vikundi vya vijiji hutumia tochi kali, honi na pilipili ya unga inayolipuliwa hewani, kwa hatua, kuanzia ya upole. Kenya ilianzisha ua wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, baada ya watafiti kuonyesha mwaka 2002 kwamba tembo huepuka migunga yenye mizinga. Mengi ya hayo ni ya mashamba makubwa na ya vikundi. Yanamfaa mwenye matuta kumi na mawili kwa kanuni moja tu, nayo ni kuanza na kitisho kidogo na kubakiza kikubwa, kwa sababu mnyama akizoea kile kikubwa hakuna kingine cha kumwonyesha.

Ua wa kwanza wa bustani ya Uru ulikuwa wa masale. Sale ni mmea unaoheshimiwa na Wachaga. Hupandwa mpakani, na jani lake hupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha. Binadamu akiliona sale hujua mwisho wa ardhi ni hapo. Nungunungu hana habari hiyo. Alipita katikati ya mashina kana kwamba amefunguliwa lango. Mwaka uliofuata fito za mwanzi zilisukwa katikati ya masale. Akazitafuna usiku wa pili.

Zikafuata mbinu za kutisha. Makopo yenye kokoto yalifungwa kwenye kamba. Sanamu lilivishwa koti la babu. Mjukuu mmoja alitandaza utepe wa kaseti ya kwaya kutoka mti hadi mti, ukawa unavuma upepo ukipita na kumetameta juani. Kila kimoja kilifanya kazi. Utepe ulidumu siku nane, makopo karibu wiki mbili. Sanamu lilidumu mpaka siku kima alipoonekana ameketi begani mwake akila karoti. Somo la kipindi hicho lilichelewa kueleweka: kitisho kisichosogea kina umri, na umri wake ni mfupi zaidi pale mnyama anapoishi karibu na kukiona kila siku. Kilichofaa kilikuwa kuvibadilisha kabla havijazoeleka, na kuviondoa kabisa bustani inapokuwa haina kitu cha kuibwa. Kazi hiyo inahitaji mtu, na mtu ndiye aliyekuwa amepungua.

Zamani mtu alikuwepo. Ulezi wa pombe ya mbege, uliolimwa chini tambarare, ulilindwa na watoto waliokaa juu ya dungu wakiwa na makombeo, wakiamia ndege tangu alfajiri. Bustani za mlimani zilipata ulinzi bila kupangwa: mtoto anayechota maji mfongoni, mama anayekata majani, moshi wa jikoni, mbwa asiyefungwa. Mtoto wa siku hizi yuko darasani mpaka saa tisa, na ni vizuri awe huko. Kima hawakuchukua muda kujua ratiba ya shule.

Mbwa alisaidia kuliko sanamu. Mbwa mmoja mwenye mazoea ya kulala juu ya kihamba, akilishwa hukohuko, aliwaweka kima mbali kwa karibu miaka mitatu. Alifanikiwa kwa sababu alikuwa hatabiriki: leo amelala kwenye migomba, kesho yuko mfongoni.

Kifo chake kilitokana na kosa la binadamu. Mwaka mmoja nungunungu walipozidi, ilinunuliwa dawa ya unga kwenye duka moja la pembejeo, ikachanganywa na pumba na kuwekwa njiani mwao. Asubuhi nungunungu hakuonekana. Alikutwa mbwa, na siku mbili baadaye bundi mmoja chini ya mparachichi. Panya waliongezeka msimu huo kuliko wakati wowote. Sumu haichagui mlaji, na yeyote anayeiweka nje usiku hana uwezo wa kumwita nyuma asiyekusudiwa. Tena wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayewaua kienyeji hujiweka mahakamani kwa ajili ya karoti. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya kijiji, halafu afisa wanyamapori wa wilaya.

Kuhusu fidia, serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kuuawa, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2011. Malipo ya mazao huhesabiwa kwa ekari na huhusu wanyama wanaotajwa kuwa hatari, kama tembo, nyati na kiboko. Bustani inayopimwa kwa matuta, iliyoliwa na kima na fuko, haina pa kusimama katika hesabu hiyo. Mwenye bustani ya mlimani ajipange akijua kwamba kinga ni yake na hasara ni yake.

Ua uliomshinda nungunungu hatimaye ulijengwa kwa mabati kuukuu yaliyotolewa kwenye paa la zamani la zizi. Yalikatwa vipande, yakazikwa kiasi cha sentimita 30 chini na kuachwa kama mita moja juu, yakashikiliwa na nguzo za mgrevilea. Mfereji wa kuyazikia uliwachosha watu wawili kwa siku nne, na jirani aliyecheka alikuja kuazima sururu mwezi uliofuata. Bati humzuia nungunungu kwa sababu halitafuniki na halipandiki. Waya wa kuku peke yake haukutosha. Ulipojaribiwa upande mmoja, aliukunjua kwa chini kama anayefungua mkeka. Maeneo yenye fedha hujenga ua wa umeme, kama ule wa takriban kilomita 400 uliokamilika kuzunguka milima ya Aberdare, Kenya, mwaka 2009. Kwa kihamba kimoja bati kuukuu ni teknolojia ya kutosha.

Kima hawazuiwi na bati. Kwao kilichosaidia ni kubadilisha mahali mazao yalipo, na hapa ndipo kumbukumbu za Uru zina jambo la kumpa mkulima mwingine. Baada ya mbwa kufa, bibi aliamua jambo ambalo wajukuu waliliona kama kushindwa: aliigeuza bustani. Kabichi, karoti na sukuma wiki zililetwa chini, kati ya jiko na zizi, mahali ambapo mtu anayepika anaziona bila kuinuka. Migomba mitatu ilikatwa ili jua lipite. Sukuma wiki nyingine zilipandwa ndani ya magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yakapangwa ukutani; fuko hawezi kufika humo, na maji machafu ya kuoshea vyombo yanatosha kuyanywesha. Upande wa juu ukapewa vitu ambavyo kima havitaki: pilipili, vitunguu, mchaichai, na ukanda mpana wa majani ya ng'ombe. Miti iliyokuwa imeinamia bustani ilipogolewa matawi, maana kima hupenda kushuka akiwa na njia ya kurudi juu, na uwanja wazi wa mita kumi na tano humfanya afikiri mara mbili.

Pilipili zenyewe hazifukuzi mnyama kwa kuota tu. Hilo hudaiwa sana na si kweli; kinachofukuza ni harufu kali ya pilipili iliyosagwa ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye matambara, nayo inataka kupakwa upya kila baada ya mvua. Faida ya kuzipanda juu ni kwamba haziliwi, na zinauzika sokoni Moshi.

Mavuno ya bustani ya chini yalikuwa madogo kwa eneo, yakawa makubwa kwa kapu. Matuta matano yaliyoonekana kutoka jikoni yalitoa mboga za kula mwaka mzima na ziada kidogo ya kuuza, wakati yale kumi na mawili ya juu yalikuwa yakitoa zaidi hadithi. Palikuwa na gharama: kivuli cha nyumba kilipunguza kabichi, kuku walilazimika kujengewa banda, na harufu ya zizi haikumpendeza kila mgeni. Kuku, kwa kweli, waliharibu mchicha mwaka wa kwanza kuliko kima.

Anayefungua bustani mpya upande wa msitu atembee kwanza usiku mmoja na alfajiri moja mahali anapotaka kupanda, aangalie njia zilizokanyagwa, vinyesi na mashimo, kabla hajanunua mbegu. Kihamba cha Uru bado kina njia ile ya nungunungu. Inatoka msituni, inafika kwenye bati, inakunja kulia na kuufuata ua mpaka mfongoni, na imekanyagwa vizuri kama ya watu.